Nyuma ya Banda la Kuku

Taichung, Jumapili, 4 Novemba 2018

Kaka Paryono,

Salamu nitazitoa mwishoni, maana nikianza nazo sitafika kwenye ninalotaka kusema.

Ujumbe wako uliutuma Jumanne, mimi nimeupata leo. Sina bando. Tangu nihamie kwa tajiri huyu mpya, wakala wa ajira anakata mshahara wangu kama anayekata mkate, na tajiri mwenyewe, Bi Huang, hataki nitumie waifai ya nyumbani, anasema mfanyakazi mwenye simu hamwangalii mgonjwa. Kwa hiyo naishi kwa mtandao wa bure, kaka. Hapa nimekaa kwenye benchi nje ya maktaba ya mtaa, Babu, mgonjwa ninayemtunza, amelala kwenye kiti chake cha magurudumu, mdomo wazi. Waifai ya maktaba inatoka mpaka kwenye benchi hili na haivuki hapo. Inakupa nusu saa, kisha inakutoa.

Umeandika "ini", neno moja, halafu ukanieleza habari za mahindi. Daktari alisema nini? Limeshafika wapi? Mama anakula?

Unajua nilivyoondoka. Miaka sita sasa niko huku Taiwan. Mama alikuwa ameenda mashineni kusaga muhogo, gari la wakala likaja, nami nikapanda bila kumpigia magoti, bila kuweka paji la uso kwenye magoti yake kama mtoto mwenye wazazi. Nilijua akinikuta atanizuia. Tangu siku hiyo hajawahi kutaka kuongea nami kwa simu. Kila sikukuu unaniambia "Mama anakusalimu", na mimi najua ni wewe unayenisalimu.

Nimemwomba Bi Huang ruhusa ya kuja. Kasema mpaka apatikane wa kunishikia nafasi, labda Februari. Mama atafika Februari? Niambie ukweli. Kama hatafika, nataka nimwombe radhi kwa mdomo wangu, aone uso wangu. Tafuta njia. Najua huko bondeni simu haishiki, lakini tafuta.

Mdogo wako,
Prapti

*

Watulawang, Jumapili, 11 Novemba 2018

Mdogo wangu Prapti,

Umenigombeza kuhusu mahindi, sawa, sitaandika mahindi. Daktari wa Pacitan alisema hakuna la kufanya, tumrudishe nyumbani, tumpe anachotaka. Anachotaka ni ugali wa muhogo na kugombana na mimi. Februari sijui, mdogo wangu. Daktari hakuitaja Februari.

Sasa sikiliza. Nilimsomea barua yako. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema: "Mwambie mimi sisamehi barua. Barua inaandikwa na yeyote. Aliondoka bila kunitazama. Basi anitazame, aseme, nami nitamjibu." Prapti, hii ndiyo mara ya kwanza katika miaka sita anasema atakujibu. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Na njia nimeipata. Unamkumbuka Bi Warsini, yule mwalimu mstaafu hapo jirani? Mwanawe anayeishi mjini Surabaya amemfungia waifai, antena iko juu ya bati, inavuta kutoka mlimani. Ni yeye peke yake bonde zima. Ilinichukua ziara tatu kuipata. Ya kwanza nilipeleka ndizi, tukazungumza mvua. Ya pili nilipeleka muhogo, tukazungumza mvua tena na magoti yake. Ya tatu sikupeleka kitu, nikakaa tu nikiitazama ile taa ya kijani dirishani, mpaka akacheka: "Paryono, una shida gani, sema." Nikasema sina shida. Akasema, "Basi lete simu." Neno la siri ni jina la marehemu mume wake, herufi ndogo zote.

Nyumbani kwetu haifiki. Inafika nyuma ya banda la kuku tu, pale ukutani. Nimesimama hapo ninapoandika, na jogoo ananitazama kama mwizi. Maandishi yanaenda vizuri. Simu ya video nayo nimejaribu, inakwamakwama lakini inapita. Nitamtoa Mama na kiti chake nimweke hapo. Jumapili ijayo, saa nne ya asubuhi huku. Usikose.

Kaka yako,
Paryono

*

Taichung, Jumanne, 20 Novemba 2018

Kaka,

Nimekosa. Nisamehe kwanza wewe kabla sijaomba msamaha wa Mama.

Jumapili nilimtoa Babu mapema, nikamvika kofia, nikafika maktaba nikakuta wamefunga, wanapaka rangi. Wamezima kila kitu pamoja na waifai. Nikamsukuma mpaka stesheni. Mtandao wa stesheni unataka namba ya simu ya huku iliyolipiwa. Nikamsukuma mpaka hekaluni, kuna waifai ya waumini, nikakaa kwenye ngazi na hijabu yangu, watu wakinitazama, ikashika, nikafungua, ikasema watumiaji wamejaa. Nikaenda duka lile lisilofungwa, wakataka ninunue kitu kwanza. Nikanunua yai la kuchemsha. Nilipopata mtandao Babu alikuwa amejilowesha na analia kwa sauti, kila mtu ametoka nje kutuangalia, na saa nne yako ilikuwa imepita zamani. Nilipiga. Hukupokea.

Nilipofika nyumbani Bi Huang alikuwa mlangoni. "Matembezi gani haya marefu?" Yai nimempa Babu.

Mama alikaa? Alikasirika? Usiniambie hakukasirika.

Nimeshauliza, maktaba inafunguliwa mwisho wa wiki hii. Tufanye Jumapili tarehe mbili Desemba, saa ile ile. Nitakuwa benchini hata mvua ikinyesha mawe.

Prapti

*

Watulawang, Jumanne, 4 Desemba 2018

Mdogo wangu,

Safari hii nimekosa mimi. Tumefungana moja moja.

Tarehe kumi na nane Mama alikaa mpaka kuku wakaanza kurudi bandani, ingawa simu ilikuwa imeishiwa chaji, ndiyo maana sikupokea. Hakukasirika, kweli. Alisema tu, "Yuko kazini." Akanishangaza. Akaniagiza nimtolee ile blauzi yake ya lesi ya Idi kwa ajili ya tarehe mbili, akasema hawezi kuonekana Taiwan amevaa kanga ya jikoni.

Halafu yakatokea haya. Alhamisi Bi Warsini alinikuta njiani, akaniambia kwa kucheka, "Kuku wa mama yako wamechangamka kweli siku hizi. Leo nimemkuta mmoja juu ya meza yangu." Unamjua Bi Warsini, hasemi jambo kavu. Mtu kama yeye akisema kuku wamechangamka, ujue amechoka nao muda mrefu. Nilikufa kwa aibu. Tunatumia mtandao wake, na kuku wetu wanamnyea mezani! Nikawafunga wote kamba siku ile ile.

Ijumaa ikapiga radi kubwa, mnazi wa mzee Pak Kromo ukapasuka katikati. Tangu hapo mtandao hakuna. Umeungua. Fundi hajaja.

Jumapili nilimwambia Mama mtandao umeharibika. Akasema, "Labda utarudi," akataka nimtoe hivyo hivyo. Akakaa nyuma ya banda na blauzi yake, amepaka na poda. Kila nikimwambia turudi ndani anasema bado kidogo. Ana maumivu, Prapti. Amekuwa mwepesi, namwinua kwa mkono mmoja.

Hii naituma kutoka ofisi ya kijiji, nimeteremka kwa pikipiki. Hapa kuna waifai ya bure kwa wananchi, ukuta wote umeandikwa hivyo, ila mlinzi anakufukuza ukikaa barazani zaidi ya muda wa kuvuta sigara moja. Nikanunua kahawa hapo ng'ambo, muuza kahawa anasema, "Kaa mkono wa kushoto, huko mawimbi yanavuja." Ndipo nilipo. Mama siwezi kumleta hapa. Ile barabara ingemmaliza njiani.

Nimefikiria hivi. Jirekodi ukiongea, unitumie. Nitaipokea hapa nipande nayo nyumbani, nimwonyeshe.

Paryono

*

Taichung, Jumapili, 9 Desemba 2018

Kaka,

Nimejirekodi kwenye choo cha maktaba, ndipo kuna ukimya. Fupi, maana nikiirefusha haiendi, nusu saa inaisha ikiwa katikati. Mara mbili imekatika. Hii ya tatu imeenda, naona alama. Ichukue upesi.

Lakini rekodi si kumwomba mtu radhi, kaka, wewe unajua. Yeye alisema nimtazame na atanijibu. Rekodi itamtazama vipi? Nakuomba, nenda kwa Bi Warsini umuulize fundi anakuja lini. Usiende na ndizi. Usizungumze mvua. Uliza, "Bi Warsini, fundi lini?" Mwambie Mama anakufa. Kama ni pesa ya fundi, nitatoa, nitaazima kwa wenzangu huku. Huku watu wanaulizana mambo machoni na hakuna anayekufa kwa aibu.

Kila siku nampitisha Babu mbele ya maktaba hata pasipo haja. Ameshalizoea benchi hili, tukifika ananyoosha kidole. Nimekuwa nikijaribu kupiga hivi hivi tu, hata nikijua huna mtandao. Inalia, inalia. Nasikiliza ule mlio kana kwamba ni sauti ya nyumbani.

Muulize, kaka. Leo.

Prapti

*

Watulawang, Jumatatu, 17 Desemba 2018

Mdogo wangu Prapti,

Mama ametutoka jana alfajiri. Tumemzika jana hiyo hiyo kabla ya adhuhuri, ubavuni kwa Baba. Hakuteseka sana mwishoni, alikuwa kama anayesinzia. Watu walikuwa wengi mpaka barabarani.

Nilimuuliza Bi Warsini kama ulivyosema. Alisema fundi atakuja wiki hii. Hatukuwahi.

Lakini rekodi aliiona, Jumatano. Nilimwekea mto, nikamshikia simu mbele ya uso. Alikutazama mpaka mwisho. Akasema, "Nimemsamehe. Mwambie nimemsamehe yote, na ale vizuri." Kwa hiyo usilie kwa hilo. Lia kwa kufiwa, kama watu wote, ila kwa hilo usilie. Limekwisha.

Kisomo kinaendelea hapa nyumbani mpaka siku ya saba. Nimechoka, mdogo wangu. Hii naituma nikiwa kwa muuza kahawa, mkono wa kushoto.

Kaka yako,
Paryono

*

Taichung, Jumapili, 23 Desemba 2018

Kaka,

Nimelia hapa benchini mpaka Babu akanipa leso yake mwenyewe, chafu hivyo hivyo. Nimeipokea.

Namshukuru Mungu alinisamehe. Asubuhi hadi jioni narudia maneno hayo, "nimemsamehe yote, na ale vizuri". Nikisimama kuosha vyombo nayasema. Bila hayo sijui ningesimamaje. Wakati anayasema alitabasamu? Alikuita kwa jina gani, "Par", au "Le" kama mama anavyomwita mwanawe wa kiume? Nataka kila kitu, kaka. Nina hayo tu.

Namba ya Bi Warsini nimeipata kwa mwanawe wa Surabaya. Nitamwandikia kumshukuru kwa waifai. Kama si yeye nisingejua hata kwamba Mama alikuwa tayari kunijibu.

Prapti

*

Watulawang, Jumamosi, 5 Januari 2019

Mwanangu Suprapti,

Barua yako ya shukrani imenifikia, nami nimeisoma mara nyingi nikiwa na uzito moyoni, kwa sababu unanishukuru kwa kitu ambacho sikukitoa. Mimi ni mwalimu wa zamani, sipendi kusahihisha makosa ya msiba. Lakini ukinishukuru na mimi nikakaa kimya, nitakuwa nimeiba.

Unasema unasikitika mtandao wangu ulikuwa umeungua mwezi wote ule. Mwanangu, radi ilipiga Ijumaa, na Jumamosi fundi alikuwa juu ya bati langu. Alileta kisanduku kipya cha waifai. Jina linaloonekana kwenye simu likawa geni, la kiwandani, lakini aliponiuliza nataka neno gani la siri nikamwambia aweke lile lile, jina la mzee wangu, ili Paryono asipate taabu. Na nikamwomba akisogeze kisanduku kwenye dirisha la upande wenu. Nilikuwa nimemwona mama yako amekalishwa nyuma ya banda mpaka jioni. Nilijua anasubiri nini. Nani katika kitongoji hiki hakujua?

Kisha nikaona Paryono anapita njia ya nyuma, hanisalimu. Kuku wote wamefungwa kamba. Nikaelewa kwamba nilimuudhi. Nilimtania kuhusu kuku mmoja aliyepanda mezani. Lilikuwa jambo la kuchekesha, kuku kasimama juu ya daftari langu la mafumbo ya maneno kama mkaguzi wa shule! Nami nina mdomo wa mwalimu, labda ulitoka vibaya. Niliona aibu kumfuata. Nikasema moyoni, akitaka mtandao uko pale, hahitaji kuniomba, akikasirika nami nimwache apoe. Hakuja kuniuliza habari za fundi, wala za kitu kingine. Nilifika kwenu kuanzia siku ya maziko tu, pamoja na watu wengine.

Siku ya tatu ya kisomo vijana waliokuja walitaka waifai, nikaandika neno la siri kwenye kipande cha boksi, nikakibandika kwenye nguzo ya baraza yenu. Paryono alikuja na sinia la chai, akakisoma. Akauliza, "Hili ni la zamani?" Nikamwambia ni hilo hilo siku zote. Aliweka sinia chini taratibu sana. Kisha akaenda nyuma ya banda la kuku, na hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa upande wa pili wa ua.

Warsini

*

Taichung, Jumapili, 6 Januari 2019

Paryono,

Bi Warsini ameniandikia.

Fundi alikuja Jumamosi. Jumapili Mama alikaa nyuma ya banda amepaka poda, na mtandao ulikuwepo, unampita usoni, na wewe umesimama hapo. Mimi nilikuwa benchini. Tulikuwa tumekaa wote wawili, mimi na Mama, tayari, saa ile ile, na kilichokuwa katikati yetu ni wewe na haya zako!

Uliniambia fundi hajaja. Uliniambia umemuuliza. Hukumuuliza. Nilikuomba usizungumze mvua, uulize tu, na hata mvua hukuzungumza. Miaka yote nimekuona unavyoinama ukipita mbele ya watu, unavyosema "ndiyo" huku unamaanisha hapana, nikadhani ni adabu. Kumbe ni ugonjwa, na umemuua nao Mama kabla ya ini.

Sasa nataka jambo moja. Kama ulidanganya habari ya fundi, na mengine je? "Nimemsamehe yote, na ale vizuri." Alisema? Niandikie alichosema, neno kwa neno, bila kukitia sukari. Mimi si mtoto. Ninafuta kinyesi cha mzee wa watu kila siku, hakuna nisichoweza kukiangalia.

Kama una chembe ya heshima kwangu, andika ukweli.

Suprapti

*

Watulawang, Jumapili, 20 Januari 2019

Prapti,

Nimechelewa kwa sababu niliandika na kufuta. Hii sitaifuta.

Baada ya radi niliwasha simu nyuma ya banda nikaona jina geni lenye kufuli. Alhamisi Bi Warsini alisema kuhusu kuku, Jumamosi kuna kufuli jipya. Nilielewa kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angeelewa, kwamba tumeambiwa tuondoke bila kuambiwa. Sikujaribu lile neno la zamani. Ungelijaribu wewe? Mtu anakufungia mlango, nawe uanze kuingiza ufunguo aliokupa zamani? Niliona ni wizi. Nikakuambia radi imeunguza ili usijue tumefukuzwa, ili usimwone Bi Warsini vibaya, ili nisionekane mimi niliyeshindwa kufunga kuku. Nilidhani nadanganya kidogo.

Uliponiandikia nimuulize, nilikwenda. Ilikuwa magharibi. Nilifika mpaka kwenye ua wake, nikaiona ile taa ya kijani inawaka dirishani, dirisha la upande wetu. Nilifikiri ameiweka pale nione kwamba ipo na si yangu. Nikarudi.

Sasa habari ya Jumatano.

Nilimwekea mto. Nilimwambia, "Mama, Prapti huyu." Ndilo kosa, sikusema ni rekodi, nilisema Prapti huyu. Ukatokea. Akakushika uso kwenye kioo kwa kidole, picha ikasimama, nikaiendesha tena. Akasema, "Umekonda." Wewe ukawa unasema, "Mama, naomba radhi kwa kuondoka vile." Akasema, "Nimekusikia, subiri basi, na mimi niseme." Ukaendelea. Akapandisha sauti, Prapti, hakuwa na sauti lakini akaipandisha: "Mwanangu, ngoja, nisikilize kwanza." Ukaendelea kuongea na kulia. Akanitazama mimi, akauliza, "Mbona haninyamazii?" Kisha ukasema "nasubiri jibu lako, Mama", na kioo kikawa cheusi.

Akasema, "Amekata."

Nikamwambia, Mama, ile ni rekodi, ni kama redio, hakusikii. Akasema nisimdanganye, amekuona unafuta machozi, redio haifuti machozi. Nikaiwasha tena nimwonyeshe. Hilo lilikuwa baya zaidi. Akakuona unasema yale yale tangu mwanzo huku yeye anakuita. Hakungoja imalizike. Aligeukia ukutani, akasema, "Mwache. Akipiga tena mwambie nimelala."

Hakulitaja jina lako tena. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi nilimuuliza, "Mama, umemsamehe Prapti?" Alikuwa anasikia, najua alisikia, kwa sababu alifumba macho kila nilipouliza. Yale maneno ya kusamehe niliyatunga kwa muuza kahawa. "Ale vizuri" pia niliitunga. Nilidhani ndilo jambo ambalo angelisema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Kuku nimewauza. Bi Warsini tunasalimiana.

Paryono

*

Taichung, Jumapili, 27 Januari 2019

Kaka,

Nimesoma.

Ile rekodi bado ninayo kwenye simu. Tangu Jumapili iliyopita naisikiliza nikitafuta mahali ambapo Mama angeweza kuingiza neno, nivute taswira kwamba hapa nilinyamaza na yeye akasema lake nikamsikia. Hakuna mahali. Niliongea mfululizo, hata pumzi sikuvuta, nikiogopa isije ikarefuka, maktaba ikanikata. Pale ulipoandika alisema "nisikilize kwanza", ndipo mimi naongeza mwendo.

Februari sitakuja. Nimemwambia Bi Huang asitafute mtu wa kunishikia.

Nilikuomba ukweli kwa sababu nilidhani nitaweza kukaa nao. Yale uliyoyatunga nilikuwa nayasema kila nikiosha vyombo, na sasa nikisimama pale sina la kusema.

Ungeendelea tu kunidanganya, kaka.

Prapti